Kijineno cha Nyuma

Usiku ule Hull ilikuwa na upepo wa kukata masikio,
nami zamu yangu ilikuwa ghorofa ya pili,
vyumba kumi na kimoja, wazee kumi na mmoja,
na daftari la Kiingereza mfukoni mwa aproni,
limelowa chai pembeni.

Mwalimu wetu wa Jumatano, Bi. Thackray,
alikuwa ametuonya:
kitenzi chao hakinyumbuliki kama chetu.
Sisi tukitaka maana mpya tunaichonga mkiani,
funga, fungua, fungia, fungana, fungamana,
neno linajifungua lenyewe.
Chao kinasimama palepale kama mlingoti wa taa,
kisha kijineno kinakuja kuegemea ubavuni,
kifupi, hakina hata jasho,
kikageuza kila kitu.
'Give up' ni kukata tamaa. 'Give in' ni kusalimu amri.
'Give out', hapo ni kugawa, au magoti kuishiwa nguvu,
inategemea nani anasema na amechoka kiasi gani.
Niliandika yote. Nikayakariri kwenye basi,
midomo ikicheza, mpaka mama mmoja akahama kiti.

Saa tisa kasorobo, kengele ya chumba namba saba.
Bwana Ombler, dereva wa zamani wa kreni,
chini, kati ya sinki na choo,
mweupe kuliko vigae.
Nikamlaza ubavu. Nikamwita nesi.
Pumzi yake nikaisikia, nyembamba, lakini ipo.
"Mpigie bintiye," nesi akasema, "mwambie,"
naye akakimbilia kiti cha magurudumu.

Nikapiga. Nilijua neno ni 'passed'.
Hilo nililishika vizuri, kama mtu aliyeshika ufunguo sahihi
gizani, asijue mlango.
Kilichonikimbia ni kijineno cha nyuma.
Nikachukua kile kilichosikika cha upole zaidi.
'Away', nikasema.

Kimya. Kisha simu ikakatika.

Janice akaja kutoka Beverley kwa dakika ishirini na tano,
koti jeusi juu ya nguo za kulalia,
na suti ya baba yake mkononi, ndani ya mfuko wa dobi,
suti kamili, na tai, na soksi alizozikunja.
Akapanda ngazi. Akafungua mlango.
Baba yake alikuwa ameketi kitandani
akigombana na nesi kuhusu sukari ya chai.

"Nani amekufa?" mzee akauliza, akiitazama ile suti.

Sikupigwa. Heri ningepigwa.
Alikaa sakafuni, suti mapajani,
akacheka, kisha kicheko kikageuka kikawa kitu kingine,
nami nimesimama na daftari langu
nikisema samahani, samahani,
neno pekee nililokuwa nalo lisilohitaji mkia.

Asubuhi nikaandika, kalamu ikitoboa karatasi:
'out', amezimia. 'Away', amefariki.
Halafu nikayatazama maneno yetu niliyojivunia.
Zimika. Zimia.
Moja la taa, moja la mtu,
na kati yao k moja tu, kama uzi.
Ni mgeni gani, huko kwetu Kigoma,
amewahi kupiga simu usiku
akiwa ameiangusha njiani?

Mwezi wa pili, barafu ikiwa kwenye vioo,
chumba namba saba kikanyamaza kweli.
Nesi akaniuliza kama nataka apige yeye.
Nikakataa. Nikabonyeza namba.
Janice akapokea kabla ya mlio wa pili,
akasikia ninavyohema, akanitambua.
"Kipi leo?" akauliza, taratibu sana.

Nilikuwa nacho, safari hii, kiko tayari ulimini.
Sikukitumia.
Nikachukua kitenzi kitupu, kisicho na wa kumwegemea,
kifupi kama mlango unaofungwa bila kelele.
'Died', nikasema. 'He died, Janice.'

Akavuta pumzi.
"Ile suti," akasema, "sijawahi kuishusha garini."